Barua Kutoka Kibagabaga: Jina Lililokatwa Kabla ya Kitovu

Ndugu zangu wa Tanga,

Kilichonishikisha kalamu leo si njaa wala maradhi, bali ni ghadhabu kidogo iliyonipata Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nilipokuwa nikiupanda mlima huu wa Kibagabaga na jembe begani, nikitoka katika Umuganda, ile kazi ya umma ambayo Wanyarwanda huifanya asubuhi moja kila mwezi, wakizibua mitaro na kufyeka vichaka, huku maduka yamefungwa na barabara zimenyamaza. Simu ikalia mfukoni, ujumbe umeingia. Alikuwa mpwa wangu wa Ngamiani, ambaye mimba yake imetimia miezi minane na ambaye wenye mashine zao wamekwisha mwambia kwamba atajaliwa binti, naye alikuwa akiniomba mimi, mjomba wake, nimtafutie mtoto jina. Nilifurahi. Kisha nikasoma mbele, nikakuta sharti: jina liwe na kifupi kizuri, na vifupi vyenyewe yeye amekwisha vichagua, ni Zee, au Shaz, au Nay, hata kazi iliyobaki kwa mjomba ni kutafuta jina lolote litakalokubali kukatwa likatoa kimojawapo katika hivyo vitatu.

Hapo ndipo tulipofika, jamaa zangu: tumekwisha nunua mpini, sasa tunazunguka soko zima kutafuta jembe litakaloukubali.

Nami hayo yamenikuta nikiwa mgeni wa nchi ambayo mambo haya huendeshwa kinyume chake kabisa. Mwezi uliopita jirani zangu wa ukuta mmoja walinialika katika kwita izina, yaani kumpa mtoto jina, wala msidhani nasema habari za gorila. Maana tangu 2005, huko Kinigi chini ya milima ya volkano, watoto wa gorila nao hupewa majina mbele ya wageni wa dunia nzima, na wengi wenu mmeziona picha zake. Hii ni ya wanadamu, ambayo ndiyo mama wa ile. Kwa desturi ya kale hufanywa siku ya nane, lakini watu wa mjini, wenye ajira na mabosi, huisogeza mbele mpaka wapate Jumapili. Watoto wa majirani walipewa vijembe vidogo, wakalima kipande cha bustani kisichozidi upana wa mkeka. Mara mtu mzima akawanyunyizia maji, akidai mvua inanyesha, wakakimbilia ndani kwa vicheko, wakaketi kula pamoja chakula kiitwacho ubunnyano. Na walipokwisha kula, kila mmoja, tangu mkubwa wao hata yule ambaye bado hajui kupenga kamasi, alimpa mtoto mchanga jina alilolipenda. Kitoto kimoja cha miaka minne, kilichokuwa kimeikodolea macho meza ya vinywaji tangu kiingie, kilitamka bila ya kusita: "Fanta." Wazee, ambao adabu iliwataka wasikilize kwa taadhima, walicheka hata mmoja akatoka nje.

Ndipo baba akatamka jina lake, nalo maana yake ni mfariji, kwa kuwa mama mzaa baba alikuwa amefariki wakati wa masika na nyumba ilikuwa ingali na majonzi. Jina hilo ni la binti yule peke yake. Mnyarwanda, kwa mila yao, hana jina la ukoo: baba ana lake, mama ana lake, na watoto sita wa tumbo moja wana majina sita yasiyofanana, mbali na lile la ubatizo au la Kiislamu, hata asiyejua akiisoma orodha yao atadhani amekuta nyumba ya mayatima. Ineza ni wema, Isaro ni ushanga, Ingabire ni kipawa, Mutesi ni mdekezwa. Anayeita anasema neno, na anayeitwa anaambiwa jambo. Na lakabu je? Ipo, tena tamu, nayo huiita akabyiniriro, neno lenye asili ya kubyina, yaani kucheza ngoma, kwa sababu ni jina la kumrushia mtoto magotini. Zingatieni basi mahali lakabu inapozaliwa: ni magotini. Hapa jina hutangulia, lakabu ikafuata. Kwetu siku hizi lakabu hutangulia, na jina hukatwa kabla ya kitovu.

Wala sisi hatukuwa hivyo. Yule mwimbaji, binti wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa akaitwa Mtumwa, hakupata jina la Siti, ambalo ni la heshima, ila ukubwani, baada ya watu kuisikia sauti yake. Na mwimbaji mwenzake, Fatuma binti Baraka, hakujichagulia kuwa Bi Kidude, bali watu walimwita hivyo mpaka lakabu ikalifunika jina, akafa nayo mwaka 2013 ikiwa imezunguka dunia.

Hata hivyo sitaki kuwapamba jirani zangu kupita kiasi. Kianzio cha Nyira, ambacho zamani kilikuwa fahari, maana mama yake mfalme Yuhi Musinga aliitwa Nyirayuhi, leo wasichana wengi wa Kigali wanakionea haya, wakikiona ni cha kishamba na kukificha wanapojitambulisha. Lakini nani atawacheka? Sisi tulikuwa na Mwana, cheo cha mabibi wa pwani, cha Mwana Mkisi wa Mombasa na Mwana Kupona binti Msham aliyemtungia bintiye utenzi mwaka 1858, na leo Mwanakhamisi wa Ngamiani akiulizwa jina chuoni hujibu "Khami", kwa sauti ya chini.

Sasa, mpwa wangu, kwa kuwa umeniuliza, sikiliza. Simama mlangoni wakati wa magharibi uite jina unalolikusudia mara tatu, kama umwitaye mtoto aliyechelewa kurudi mchezoni. Likikuchosha wewe, litamchosha na yeye. Kisha tanguliza "Mama" mbele yake, kwani arobaini haitatimia kabla hujapoteza jina lako na kuitwa kwa la binti yako mpaka uzeeni, na sijui kama uko tayari kuzeeka ukiwa Mama Shaz. Angalia kisu cha mtaa kitapita wapi: Khadija atakuwa Dija, Zuwena atakuwa Zuu, na hapana madhara, lakini Amatullah, mjakazi wa Mwenyezi Mungu, akikatwa akawa Ama, amebaki mjakazi asiyejulikana ni wa nani, kama vile Mukamana wa huku akikatwa akawa Muka, amebaki "mke wa" halafu kimya. Kumbuka pia masikio ya jirani: huku l na r ni ndugu wa toka nitoke, na Halima akivuka mpaka wa Rusumo atakuwa Harima kabla mzigo haujashuka. Na tahajia, tafadhali, iwe moja katika cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na pasi, bila ya herufi mbilimbili za mapambo. Mimi nimesimama siku mbili mbele ya dirisha la ofisi moja kwa ajili ya h moja tu iliyomo huku na isiyokuwemo kule.

Rai yangu mimi ni jina la bibi yako, mama yangu, binti awe somo yake. Unalijua, na unajua kwamba lina silabi nne na kwamba sisi wanawe hatukupata kumsikia mtu akilikata mbele yake. Kifupi uache, hukiwezi, wala si kazi yako.

Maana jana usiku, nilipokuwa nikifunga madirisha, nilimsikia jirani yangu yule, mtu mzito wa suti na miwani, aliyeteua jina la ufariji kwa machozi mbele ya wazee, akimbembeleza bintiye nyuma ya ukuta taratibu, "Fanta, Fanta wangu," akidhani Mswahili wa jirani amekwisha lala.

Wasalaam,
Ndugu yenu, Kibagabaga, Kigali