Malaika Huanza kwa Penseli

Wengi wetu tumwonapo malaika aliyechorwa ukutani mwa kanisa, twadhani mchoraji alichovya brashi katika rangi akamkamilisha mara moja. Sivyo. Kabla ya rangi kuna penseli, na kabla ya penseli kutulia kuna kufuta na kuchora tena. Haraka haraka haina baraka, nayo methali hiyo yahusu ukuta wa kanisa kama ihusuvyo shamba.

Nasema haya kwa kuwa mimi ni mmoja wa wazee walioaminiwa fedha za kupamba kanisa letu dogo. Fedha hizo zilitolewa na wajane waliouza mayai na vijana waliobeba mawe. Baadhi ya wenzangu wauliza: kwa nini tumlipe mchoraji siku za kuchora karatasi ambazo hazitatundikwa popote? Si aanze ukutani? Swali lao lina haki yake, nami napenda kulijibu kwa heshima.

Tumtazame Edward Burne-Jones, Mwingereza aliyezaliwa Birmingham mwaka 1833 na kufariki mwaka 1898. Ujanani alikwenda Oxford akikusudia kuwa kasisi, kisha akageukia uchoraji. Mwaka 1887 mji wake ulimwagiza picha kwa ajili ya jumba lake jipya la sanaa, naye akaimaliza mwaka 1890. Picha hiyo, Nyota ya Bethlehemu, yakaribia mita 4 kwa upana. Mamajusi watatu wamemjia Mtoto, na malaika aelea juu ya ardhi akiishika nyota kwa mikono yake.

Bingwa huyo hakuidharau penseli. Alizoea kuchora kwanza watu walio hai, akichunguza kichwa, mikono na mikunjo ya nguo. Jumba la sanaa la Birmingham lina hazina kubwa ya michoro yake. Sababu ni wazi: malaika hakai mbele ya mchoraji kama mtu akaavyo mbele ya kinyozi. Yapasa mkono uazimwe kwa jirani, bawa kwa ndege, na uzito wa vazi kwa kitambaa kilichotundikwa. Penseli ndiyo hupatanisha vitu hivyo vilivyoazimwa hata viwe kiumbe kimoja.

Kwetu sisi kuna jambo jingine zito zaidi: malaika wetu atakuwa na uso wa nani? Elimo Njau alipochora picha zake tano katika kanisa la kumbukumbu huko Murang'a, miaka ya 1950, aliiweka habari ya Kristo miongoni mwa watu na vilima vya Kiafrika. Kanisani kwetu wako wapendao hivyo, na wako waliozoea malaika wa kalenda, mwenye nywele za dhahabu. Mabishano hayo hayaepukiki, ila twaweza kuchagua mahali pake. Yakifanyika juu ya karatasi, kifutio chatosha. Yakifanyika rangi ikiwa imekwisha kukauka, tutakwangua ukuta pamoja na sadaka za watu.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: mchoraji alipwe siku zake za penseli, na mchoro uwekwe mezani baada ya ibada. Aliyeuza mayai autazame na kusema neno lake kabla kopo la kwanza la rangi halijafunguliwa.