Usikifunge Kinanda kwa Hasira

Kihurio, Same

Mjukuu wangu mpendwa,

Bibi yako hajambo, mguu umepungua kuvimba. Mpunga tumeshavuna.

Mama yako amenisomea ujumbe wako. Umenyimwa ufadhili wa masomo, kinanda umekitia kwenye mfuko wake, na unasema hukitaki tena. Sikukupigia simu. Kwenye simu ungelia, nami ningekubembeleza, na jambo hili halitaki kubembelezwa.

Nianze na langu, ambalo hata mama yako halijui lote. Mwaka 1974 nilikuwa mpiga kinanda wa kwaya hapa. Niliahidiwa nafasi ya kwenda kusomea muziki, nikashona suruali mpya, nikaaga watu. Nafasi ile akapewa mwingine. Sabato iliyofuata nilikifunika kinanda cha kanisa kwa kitambaa, na kwa miaka tisa sikukigusa. Watu walisema nina msimamo. Haukuwa msimamo, ilikuwa hasira. Niliporudi, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vilikuwa havinisikii, na mpaka leo kwenye nyimbo za haraka naruka besi. Aliyeninyima hakupoteza kitu.

Yuko mwanamke wa Ethiopia nataka umjue. Alizaliwa Addis Ababa mwaka 1923. Akiwa na miaka sita alipelekwa shule Uswisi, huko akajifunza fidla na piano. Waitalia walipoivamia nchi yao, familia yake ilichukuliwa mateka hadi kisiwa cha Asinara. Baada ya hapo alisoma Cairo kwa mwalimu Mpolandi, Alexander Kontorowicz. Kisha ikaja nafasi ya kwenda kusoma London, na ruhusa ya kuondoka akanyimwa. Akaingia utawa, akaishi miaka kumi huko Gishen Mariam, juu mlimani, akitembea peku, bila piano. Ndiye Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. Santuri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1967, na mapato ya muziki wake aliyaelekeza kwa yatima. Mwaka 1984 alihamia Yerusalemu, na dunia ilikuja kumsikia vizuri mwaka 2006, akiwa na miaka zaidi ya themanini. Alifariki Machi 2023, akiwa na miaka 99.

Utaniambia naye aliacha miaka kumi. Ndiyo, na hilo nimelifikiria sana. Yeye aliiweka piano chini ili aombe, mimi nilikiweka kinanda chini ili waliobaki waumie. Aliporudi alikuwa na la kusema. Mimi niliporudi nilikuwa na vidole vigumu tu. Kwa hiyo kabla hujaamua kuacha, jiulize unaacha kwa ajili ya nani.

Unasema pia umechelewa, kwamba watoto wa Ulaya huanza wakiwa na miaka minne. Sitakudanganya, wengi wao ndivyo walivyoanza, na njia ya kuishi kwa kupiga jukwaani peke yako ni nyembamba hata kwao. Lakini Girma Yifrashewa, Mwethiopia mwingine, aliyezaliwa mwaka 1967, alikulia kwenye kirar, ala ya nyuzi ya kwao. Piano aliikuta katika shule ya muziki ya Yared akiwa na miaka 16, umri uliokuwa nao wewe ulipoanza masomo. Akaenda Sofia, Bulgaria. Utawala wa kikomunisti ukaanguka, ufadhili ukakatika, akaangukia Italia. Baadaye alirudi Sofia akamaliza. Mwaka 1995 alikuwa Addis, anafundisha palepale Yared. Anapiga muziki wa Chopin, na anapiga nyimbo za kwao alizoziandikia piano mwenyewe. Zingatia kwamba alifundisha. Usione kufundisha ni kushindwa, ndiko wapiga piano wengi wanakopata chakula.

Mjomba wako anasema piano ni mambo ya Wazungu. Mwambie hivi. Karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu kutoka bara kwenda Pangani ilipita chini ya milima yetu ya Upare. Pembe zilivuka Zanzibar, zikafika Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, Marekani, zikapasuliwa vipande vyembamba vya kufunika vibao vyeupe vya piano. Watu walizibeba mabegani, baadhi yao watumwa, na wengine hawakufika. Kila ninapoona tembo wa hifadhi ya Mkomazi nalikumbuka hilo. Piano ile ina deni kwetu, nawe una haki ya kuikalia.

Sasa kazi. Sisi wa kwaya tulilelewa kwa solfa, nawe masikio yako ni ya solfa. Ni hazina, lakini haitoshi. Soma nota za mistari kila siku, hata ukurasa mmoja. Kinanda cha kanisa kina vibao 61, tena vyepesi. Piano ina 88, na kila kimoja kina uzito wake. Vidole vilivyozoea wepesi vinadanganya. Tafuta piano ya kweli, ulipie saa. Na uulize chuo kikuu cha Makumira, kule Usa River, wana shahada ya muziki. Si London, lakini ni safari ya basi kutoka hapa.

Unazijua ndiva, mabwawa yetu ya milimani. Kijito ni chembamba, hakuna anayeweza kumwagilia shamba kwa maji yake ya saa moja. Usiku kucha kinaingia ndani ya ndiva, asubuhi inafunguliwa na maji yanafika mpaka jaruba la mwisho. Mazoezi ya alfajiri ni hayohayo. Anza na mkono wa kushoto.

Nimeuza magunia manne ya mpunga. Fedha zitaingia kwenye simu yako Jumanne. Ni za kulipia saa za piano, miezi mitatu, usizitumie kwa kingine.

Babu yako