Mguu wa Matende Hauchanjwi

Kazi yangu ni ngozi. Nilisomea Moshi, katika kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992, kisha nikapangiwa pwani. Huku pwani anayetibu ngozi atakutana na matende tu. Wagonjwa wangu wengi hupita kwa mganga kwanza. Nawaheshimu waganga: wanaishi na watu na wanasikilizwa. Kwa sababu hiyo nataka kusema wazi wapi wamepatia, na lipi wanalolifanya linawalemaza watu.

Maelezo ninayoyasikia ni mawili. La kwanza, mgonjwa amekanyaga kitu alichotegewa. La pili, damu imechafuka, uchafu umeshukia mguuni na unatafuta pa kutokea. Ndiyo maana ngozi inatoa maji, inawasha, inaota vinundu na kunuka. Tiba inafuata maelezo hayo. Mguu unachanjwa chale kuzunguka kifundo na dawa inasuguliwa kwenye damu, au unaumikwa kwa chuku ili uchafu utoke.

Walichopatia ni kuiona ngozi na majimaji ya mwili kuwa jambo moja. Mwilini kuna mishipa ya limfu, inayookota maji yaliyovuja kwenye mishipa ya damu, pamoja na protini na vijidudu, inayapitisha kwenye tezi, kisha inayarudisha kwenye damu karibu na moyo. Limfu haisukumwi na moyo. Inasukumwa na kuta za mishipa yake, na misuli tunapotembea, na pumzi tunapovuta hewa kwa kina. Ndani ya mishipa hiyo mna vali zinazoizuia limfu isirudi chini. Minyoo ya matende, Wuchereria bancrofti, hufika mwilini kwa kuumwa na mbu na hukaa kwenye mishipa ya limfu miaka 6 hadi 8. Mishipa inatanuka, vali zinashindwa kufunga, maji yanatuama mguuni. Ngozi iliyo juu ya maji yaliyotuama hunenepa, hujikunja, hupasuka, na kinga yake hupungua.

Tunapoachana ni hapa. Mganga anaiona ngozi hiyo kuwa mlango wa kutokea; mimi naiona kuwa mlango wa kuingilia. Fangasi hulainisha ngozi kati ya vidole, panapasuka, bakteria wanapita. Mgonjwa anashikwa na homa na kutetemeka, mguu unawaka, mtoki unamvimba kinenani. Homa ikipita, mishipa ya limfu imebaki na jeraha jingine, na mguu umenenepa zaidi ya ulivyokuwa. Chale ni milango mipya kwenye mguu usioweza kujilinda. Nimewapokea wengi wenye chale bado mbichi, wamebebwa kwa bodaboda wakiweweseka kwa homa.

Tunachofanya sisi kinaanza na beseni. Siku moja alikuja mama mchokoa pweza, amefuatana na binti yake, mguu umefungwa kanga kuficha harufu. Nikamwambia, "Mama, leo tunaosha." Tukatia maji ya kawaida, yasiyo ya moto, na sabuni ya kipande. Nikaanza juu gotini nikishuka, povu likiingia kwenye kila mkunjo, kwa kiganja, bila dodoki wala jiwe la kusugulia. Kati ya vidole nikapitisha kitambaa chembamba taratibu. Ngozi ya hapo ilikuwa nyeupe, imeloa, inabanduka, na harufu yote ilitoka hapo. Tukasuuza hadi maji yakatoka meupe, tukakausha kwa kugandamiza, tukapaka dawa ya fangasi. Binti akauliza, "Daktari, dawa ndiyo hii tu?" Nikamjibu, "Ndiyo hii mwanangu, na ni ya kila siku." Walipofika nyumbani, wakaendelea. Waliporudi kliniki, mama aliukalisha mguu benchini bila kanga.

Njia hii aliithibitisha daktari Gerusa Dreyer huko Recife, Brazil, miaka ya 1990: wagonjwa walipofundishwa kuosha na kutunza ngozi, homa zile zilipungua sana. Leo njia hiyo ndiyo msingi wa huduma ya matende duniani.

Na tiba za jadi zina nafasi yake. Kasaragod, kusini mwa India, madaktari wa ngozi wanafanya kazi pamoja na waganga wa Ayurveda. Mguu unaoshwa kwa sabuni, unalowekwa kwenye dawa ya mitishamba, unakandwa, mgonjwa anafanya yoga na kuvuta pumzi, kisha mguu unafungwa bendeji ya kubana. Profesa Terence Ryan wa Oxford, aliyeunga mkono kazi hiyo, ni miongoni mwa waliosaidia kuanzisha kituo chetu cha Moshi. Hata kukanda limfu kuna utaratibu wake, uliotangazwa na Emil Vodder wa Denmark huko Paris mwaka 1936: mkono mwepesi sana, kuelekea kiwiliwili, ukianza juu kabla ya kushuka mguuni.

Basi mkandaji aendelee kukanda, kwa wepesi, na aache kabisa siku za homa. Mganga aendelee kumwogesha mgonjwa kwa majani yake kama hayaunguzi ngozi, ilimradi sabuni itangulie na vidole vikauke. Amwambie alale mguu ukiwa juu ya mto, akunje na kunyoosha kifundo, avae viatu vilivyo wazi visivyobana. Wembe, chuku na maji ya moto viondoke. Mwenye homa na mtoki aletwe kituoni siku hiyohiyo, kwani anahitaji antibiotiki. Na dawa ya kingatiba, iliyoanza kutolewa nchini kwetu, kisiwani Mafia, mwaka 2000, imezwe na kila anayestahili: haiurudishi mguu uliokwisha kuvimba, lakini inakata njia ya minyoo kuhama kwa mbu kwenda kwa mtoto wa jirani.

Haya hayahitaji hospitali kubwa. Yanahitaji mtu anayeaminika kumwonyesha mgonjwa jinsi ya kuosha, na kumtembelea tena kuona kama anaosha. Kijijini mtu huyo mara nyingi ni mganga. Namwomba aifanye kazi hiyo.