Kutoka Kitum hadi Baringo

Matatu yetu ilipostaafu, tuliing'oa viti vya nyuma tukapigilia kitanda cha mbao, chini yake madumu ya maji na mtungi wa gesi. Mama mkwe alijitwalia dirisha la kushoto tangu Kitale, na watoto hawakulipata tena.

Tulipita Endebess, tukaingia mbugani kwa lango la Chorlim. Mlima Elgon ni volkano iliyozimika, na pango la Kitum limo ndani ya jivu lake lililogeuka mwamba. Linaingia mlimani kama mita 200, na ndovu wanazidi kulipanua. Huja usiku, wanapapasa njia gizani kwa mikonga, wanabomoa ukuta kwa pembe na kusaga vipande kwa magego ili wapate chumvi. Askari wa wanyamapori alimulika tochi: mifereji ya pembe ilikuwa imepandana ukutani, mingine na unga wake bado chini. Mume wangu alitaka tuzame hadi nyuma. Nilikataa. Mwaka 1980 na tena 1987, watu waliotembelea pango hili waliugua Marburg, na kidole kinaelekezwa kwa popo. Tukabaki karibu na mlango, tumevaa barakoa, watoto mikono mifukoni.

"Wazee wetu Wasabaoti waliishi kwenye mapango ya mlima huu, wao na ng'ombe wao," askari alisema.

"Na moshi ulitokea wapi?" mama mkwe akauliza.

"Hapo hapo mlangoni, Mama. Macho yalizoea."

Eldoret tulinunua mkate tu. Baada ya Iten barabara inaporomoka kupitia Tambach hadi bonde la Kerio, kona juu ya kona. Mume wangu alishuka kwa gia ya pili na bado breki zilinuka. Tulipanda tena hadi Kabarnet, tukateremka Marigat kwenye joto la kukausha nguo mwilini.

Bogoria ni ziwa la magadi. Ufukweni chemchemi zinatokota, na desturi ya wageni ni kuchemshia mayai humo. Yetu tuliyafunga kwenye wavu wa vitunguu. Yaliiva, ila huo mvuke unanuka kiasi kwamba sisemi ni mlo.

Baringo, jirani yake, ni maji baridi. Yalipanda miaka ya karibuni, hasa 2020, yakameza nyumba, mashamba na hoteli. Boti ilipita kati ya miti iliyokauka imesimama majini. Mwanangu alikuwa akihesabu mamba kwa sauti.

"Wenyewe walihamia wapi?" mama mkwe alimuuliza nahodha.

"Mimi nimepanga chumba Marigat. Shamba langu tumelipita sasa hivi, pale kwenye ile miti."

Asubuhi mama mkwe alikuwa amembana huyo kijana kwa nauli mpaka akapunguza. Tuliposhuka alimhesabia bei yake ya kwanza, kisha akatuhimiza twende tukanunue samaki kabla soko halijafungwa.