Harufu ya Dizeli

Mwanadamu akishampata mtu wa kumshuku, haoni tena haja ya kutafuta sababu. Nililijua hilo kwa gharama, kupitia pikapu kuukuu ya dizeli niliyokuwa nikiilaza uani kwangu Rasbura, mjini Lindi.

Dereva alikuwa mpwa wangu. Kila alfajiri nilisikia gari likiwaka bila taabu, kisha yeye huingia kunywa chai mikono ikinuka dizeli. Harufu ile ilinikaa rohoni. Nikaamua kwamba ananyonya mafuta usiku na kuyauza. Sikumwuliza, nilimhukumu. Alisema tu, "Haya, mjomba," akafunga mzigo wake, akarudi kwa mama yake Mtama.

Kesho yake gari likagoma. Stata ilizunguka kwa nguvu lakini injini haikushika. Nikasema, ameliharibu kabla ya kuondoka! Wajuzi wa barazani wakasema ni baridi ya kipupwe. Nikabadilisha plagi zote nne za kupasha joto, kisha betri. Fedha ilikwenda, ugonjwa ukabaki.

Hatimaye nikamwita fundi mmoja mzee. Hakushika spana, aliuliza maswali. Stata inazunguka upesi? Ndiyo. Basi betri haina kosa. Ukipiga stata, moshi unaotoka ni wa rangi gani? Hautoki kabisa. Na gari linalala vipi? Nikamwonyesha: pua juu ya mwinuko, tangi chini.

Akanieleza kwamba injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Hewa hubanwa karibu mara ishirini, ikapata moto wa kuunguza mafuta yanaponyunyizwa. Ndivyo Rudolf Diesel alivyofanikiwa kule Ujerumani mwaka 1897. Plagi husaidia tu injini ikiwa imepoa. Kama zingekuwa zimekufa, mafuta yangefika yasiungue, nasi tungeona moshi mweupe. Pasipo moshi, mafuta hayafiki. Tena, akacheka, baridi ya Lindi si ya Makambako.

Akapapasa mpira unaoleta mafuta kwenye chujio. Ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Usiku ufa ule ulipitisha hewa, na dizeli ikateremka kurudi tangini. Akalegeza skrubu ya kutolea hewa, akapiga pampu ya mkono mpaka povu likaisha, akakaza. Gari likawaka mara moja.

"Tazama skrubu hii inavyong'aa," akasema. "Kuna mtu aliyekuwa akiifungua kila siku. Bila yeye lisingewaka."

Nilikuwa nimemshikia kitambaa. Nikanusa viganja vyangu: harufu ilikuwa ile ile.

Kipande cha mpira kilinigharimu fedha ndogo mno, hata ningeona haya kuitaja mbele ya bei ya betri. Deni kubwa lilikuwa Mtama. Sisi Wamwera ukoo twaufuata upande wa mama. Mjomba akimwita mpwa wake mwizi, amelichafua jina lake mwenyewe. Nilikwenda nikaketi mkekani mbele ya dada yangu, nikaomba radhi. Kisha nikamwuliza kijana kwa nini hakujitetea.

"Nilikwambia mara mbili, mjomba, kwamba gari linavuta hewa," akajibu kwa upole. "Ukasema, si linawaka? Basi nikawa naamka mapema."

Sikuwa na la kujibu, kwa kuwa nilikumbuka vema kusema hivyo.

Alinisamehe, ila hakurudi kuendesha. Gari nalo nimeshaliuza. Lakini kitu kikiharibika nyumbani, na ulimi wangu ukataka kutaja jina la mtu, huwa namkumbuka yule mzee aliyeanza kwa kuuliza rangi ya moshi.