Midia: Gari Linapomaliza Maji

Midia ni kata ya Wilaya ya Koboko, iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005, pembeni kabisa mwa Uganda ambako mipaka ya Kongo na Sudan Kusini inakutana. Huku fundi wa kutegemewa hupatikana mjini.

Pikapu tuliyoikuta kando ya njia ilibeba mgonjwa, na dereva alikwisha jaza maji rejeta mara tatu. Hapakuwa na mpira uliovuja. Maji yalikwenda wapi? Abiria mmoja, mzee aliyepata kuendesha malori ya jeshi, alikataza mfuniko usifunguliwe mpaka injini ipoe, maana maji yachemkayo humrukia mtu usoni. Akachomoa kijiti cha oili: nyeupe kama chai ya maziwa! Injini ilipowashwa kidogo, rejeta ikatoa mapovu mfululizo, na nyuma ukafumka moshi mweupe mzito. (Asubuhi ya baridi moshi huo huwa mvuke tu, nao hupotea upesi.)

Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua. Oili yenye maji hailainishi beringi. Kuendelea na safari ni kuiua injini. Mgonjwa akahamishiwa gari jingine, na pikapu ikavutwa kwa kamba hadi Koboko, dereva akinung'unikia bei ya gasketi, kabla fundi hajapima kama hedi nayo imepinda.