Hatua Zilizopotea

Katika karakana yetu ndogo ya Hewa Bora tunachonga majina juu ya misalaba ya mbao ya makaburini. Mashine tuliiunda wenyewe: fremu ya chuma, skrubu tatu ndefu, mota tatu, na kompyuta kuukuu inayoiamuru. Anayekuja kuagiza ana msiba, na mazishi hayangoji.

Mwezi wa Oktoba, joto la Lubumbashi linapozidi kabla ya mvua, herufi zilianza kuhama. Jina lilianza vema, kisha katikati ya mstari likaruka milimita tatu kando, na kisu kikaendelea kuchonga kana kwamba hakuna jambo. Ndivyo zilivyo mota za hatua. Mzunguko mmoja umegawanywa katika hatua 200, na kompyuta huhesabu hatua ilizoamuru, si zile zilizopigwa. Mota ikishindwa kupiga moja, hakuna anayeijulisha kompyuta.

Baadhi yetu walishuku skrubu. Wengine walitaka mwendo upunguzwe, na kweli kasoro ilipungua bila kwisha. Kijana mmoja ndiye aliyegusa vibao vidogo vinavyozigawia mota umeme, viendeshi vya A4988, akauondoa mkono upesi. Kiendeshi hicho, hata kikipozwa vizuri, hakivuki ampea 2. Mota zetu zimeandikwa 2.8. Kikipata joto kupita kiasi hujizima kisiungue, halafu huamka tena. Katika kitambo hicho hatua hupotea.

Viendeshi vitatu vya TB6600 vilipaswa kulipiwa kutoka katika akiba ya karo ya vijana wanaojifunza nasi, na mazungumzo hayakuwa mafupi. Kubadili kimoja kungegharimu kidogo zaidi ya theluthi, lakini vyote vilikuwa dhaifu sawasawa. Kingine kingezimika juu ya jina la marehemu mwingine. Tukaagiza vyote kutoka Uchina. (Mota zenyewe, zilizojaa nyuzi za shaba, zilitoka hukohuko, nasi tunakaa juu ya shaba! Lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Umeme ulikatwa kwanza, maana kuchomoa waya wa mota ungali na umeme huweza kuua kiendeshi papo hapo. Swichi ndogo za ubavuni tuliziweka kwenye ampea 2.5. Kisha hesabu: viendeshi vya zamani viliigawa kila hatua mara 16, hivi vipya tuliviweka mara 8. Skrubu husogea milimita 8 kwa mzunguko, basi milimita moja, iliyohitaji mapigo 400, sasa inahitaji 200. Tarakimu hiyo isipobadilishwa katika programu, mashine huenda umbali maradufu.

Tuliiendesha milimita 100 kwenda na kurudi, mara hamsini, saa nane mchana chini ya bati. Penseli ilirudi palepale.

Siku iliyofuata tulichonga jina la herufi kumi na tisa. Familia ilikuja kulichukua saa kumi.